Vespa PX yenye silinda ya 177: joto gani la injini niliogope kati ya Uyole na Kyela?

PX_Igawilo

Wakuu habari za humu. Naomba msaada kwa wanaozijua skuta za zamani zilizoongezwa nguvu.

Chombo ni Vespa PX 150, silinda imebadilishwa kuwa DR 177 ya chuma (kipenyo 63 mm, mwendo wa pistoni 57 mm). Kabureta ni SI 24/24, jeti kuu 116, juu yake jeti ya hewa 160 na bomba la kuchanganyia BE3, jeti ya silensa (ya resi ya chini) 55/160. Plagi NGK B8HS, taimingi ya moto wa plagi digrii 18 kabla pistoni haijafika juu, eksozi ya boksi iliyofunguliwa kidogo. Oili ya tustroki inachanganywa kwenye tangi, asilimia 2. Jeti zote zimepangwa hapa Mbeya mjini.

Geji ya joto ni ya kidijitali, sensa yake ni pete inayokaa chini ya plagi. Usomaji uko hivi: tambarare ya Mbeya kwa nusu resi 130, hewa ikiwa nyuzi 20 hivi. Kupanda kutoka Uyole kwenda Isyonje, gia ya tatu, resi karibu yote, 175. Mteremko wa kuelekea Tukuyu inashuka hadi 90. Halafu tambarare ya Kyela, nusu resi ileile, mtu mmoja bila mzigo, inafika 185 na bado inapanda polepole.

Hapo ndipo nashindwa kuelewa. Iweje tambarare izidi mlima? Na je, nianze kuogopa ikifika ngapi? Pia kuna wanaosema pete ya plagi ni mapambo tu, niweke ya kupima moshi kwenye eksozi. Nani yuko sahihi?

FundiMwanjelwa

Mkuu, kabla hatujaijadili hiyo 185, hakikisha geji yenyewe inasema kweli.

Chemsha maji, tumbukiza pete yote pamoja na sentimita chache za waya, isiguse chuma cha sufuria. Kumbuka uko Mbeya: kwenye mwinuko wa mita 1,700 maji yanachemka kwenye 94 na kitu, siyo 100. Geji ikionyesha 94 iko sawa, ikionyesha 100 inazidisha. Usiirudishe dukani geji nzima kwa sababu hiyo. Kwa joto la juu, tafuta risasi ya mafundi redio iliyoandikwa 63/37. Hiyo inayeyuka kwenye 183. Weka pete juu ya bamba nene la chuma jikoni, kipande cha risasi kikae pembeni yake palepale, pasha taratibu. Risasi ikilegea na kung'aa, soma geji. Tofauti ya nyuzi 5 ivumilie, ya 20 usiivumilie.

Jambo la pili ni waya. Sensa nyingi za namna hii ni za aina ya K, waya mbili za metali tofauti zilizounganishwa kwenye ncha. Waya hizo hazirefushwi kwa shaba ya kawaida. Geji inahesabu joto kuanzia pale waya za K zinapoishia, nayo inaamini zinaishia mgongoni mwake. Ukiunga shaba chini ya kava la injini penye nyuzi 65, na geji iko kwenye usukani penye 25, utapungukiwa nyuzi 40 hivi. Yaani 185 inaweza kuwa 225 na wewe unatembea umetulia. Ukitaka kurefusha, nunua waya wa K wenyewe, na ujue rangi zake: kwa mfumo wa Marekani nyekundu ni HASI na njano ni chanya. Mafundi umeme wengi wataiunga nyekundu kwenye chanya bila kuuliza. Dalili ya kugeuza ni kwamba injini ikipata moto namba inashuka. Na kama sensa yako si ya K bali ni ile ya ukinzani, usiichanganye na geji nyingine, hazisomani.

Tatu, pete inavyokaa. Kama unene wake unakaribia ule wa washa ya plagi, toa washa, pete ichukue nafasi yake. Ukiziacha zote mbili plagi inapanda juu kama milimita moja. B8HS ina hesi za 12.7 mm tu, kwa hiyo milimita moja si kitu kidogo: mshiko unapungua, joto la plagi linapata shida kushuka kwenye hedi (kichwa cha silinda), na mara nyingine panavuja kabisa (utaona weusi wa oili umezunguka mguu wa plagi). Kaza kwa Nm 25 hadi 30. Wakati wa kukaza, shika waya wa sensa kwa mkono mwingine usizunguke na plagi, ndipo pete nyingi zinapokatikia. Mkia wa pete uelekee upande usiopigwa na upepo wa feni, la sivyo unapima upepo. Na tundu ulilokata kwenye kava la silinda ili waya upite lizibe kwa mpira. Tundu hilo likibaki wazi, hewa inatorokea hapo badala ya kupita kwenye mapezi ya silinda.

Kihesa_2T

Nakubaliana na fundi kuhusu waya, ila kwa swali la eksozi nitakuwa upande wa pili kidogo.

Pete ya plagi inachelewa. Hedi ni donge la aluminiamu, linachukua sekunde nyingi kupokea mabadiliko. Mchanganyiko ukikauka ghafla (mafuta yakipungua) kwenye resi yote, pistoni inaweza kunasa kabla pete haijakwambia lolote la maana. Sensa ya moshi inajibu papo hapo. Unatoboa shingo ya eksozi sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomo wa silinda, unachomelea nati, ncha ya sensa inakaa katikati ya bomba. Ukibadili jeti unaiona tofauti ndani ya mita mia.

Namba zake usizikariri kutoka kwa mtu mwingine. Tustroki nyingi za aina hii zinatembea kati ya 550 na 650, ikipita 700 unacheza na moto, lakini sensa ikisogea sentimita tatu namba inabadilika. Kwanza panga jeti kwa kusoma plagi: plagi mpya, injini ya moto, resi yote gia ya tatu kwa umbali wa kutosha, zima na bana klachi kwa pamoja, kisha kagua mzizi wa kauri. Ukiridhika, angalia geji inasomaje kwenye resi hiyo. Hiyo ndiyo namba yako.

Faida kubwa ipo ukiwa na zote mbili. Taimingi ikiwa mbele mno, hedi inapanda na moshi unapoa. Taimingi ikiwa nyuma, moshi unapanda na hedi inapoa. Mchanganyiko ukiwa mkavu, hewa nyingi mafuta kidogo, zote mbili zinapanda. Na ukiona hedi inapanda haraka huku moshi unashuka, funga resi papo hapo: hiyo ni injini inagonga kwa ndani, joto linaingia kwenye chuma badala ya kutoka na moshi. Kwenye Vespa mlio wenyewe, kama kokoto ndani ya kopo, mara nyingi unamezwa na kelele za feni, kwa hiyo usitegemee masikio.

PX_Igawilo

Asanteni. Waya wa sensa ni wake wa asili, haujaungwa popote. Maji yamesoma 94, risasi imelegea geji ikiwa 181. Washa ya plagi haipo, pete iko peke yake. Kwa hiyo 185 ni ya kweli.

Nyasa_SI24

Basi sasa tuseme. Kosa linaloanza hapa ni la kulinganisha namba mbili bila kutoa joto la hewa. Injini ya kupozwa kwa hewa inapanda na kushuka na hali ya hewa karibu nyuzi kwa nyuzi. Isyonje asubuhi ni nyuzi 15: toa kwenye 175, unabaki na 160. Kyela mchana ni 32: toa kwenye 185, unabaki na 153. Kwa hesabu hiyo mlima bado ndio uliotesa injini zaidi, na hiyo ni sawa kabisa kwa resi karibu yote.

Linganisha nusu resi kwa nusu resi. Mbeya 130 toa 20 ni 110. Kyela 153. Nyuzi 43 zaidi kwa kazi ileile. Hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Sababu ya kwanza kuishuku ni mwinuko. Mbeya uko mita 1,700, Kyela iko karibu na 500, usawa wa ziwa hauko mbali. Hewa ya chini ni nzito kwa zaidi ya asilimia 10. Kabureta haijui umeshuka mlima. Inapitisha hewa kwa ujazo uleule, lakini ujazo huo sasa una hewa nyingi zaidi ndani yake, na mafuta hayaongezeki kwa kiwango hicho. Ukipiga hesabu, mchanganyiko unakauka kwa asilimia 5 hadi 6. Jeti iliyokuwa nzuri Mwanjelwa, Mbeya, inakuwa ndogo Kyela. Mtu wa Iringa anayeshuka Kitonga kwenda bonde la Ruaha, au Nyang'oro kwenda Mtera, anakutana na jambo hilohilo.

Na usiseme "mimi natembea nusu resi, jeti kuu hainihusu". SI haina sindano kama kabureta za PHBL. Kwenye nusu resi tayari unakunywa kupitia jeti kuu na lile bomba lake, jeti ya silensa ikisaidia. Ndiyo maana unaiona hata bila kufungua yote.

Namba ya jeti za Dell'Orto ni kipenyo cha tundu kwa mia za milimita, kwa hiyo 116 ni 1.16 mm. Kinachopitisha mafuta ni eneo la tundu, siyo kipenyo: kutoka 116 kwenda 118 unaongeza kama asilimia 3.5, kwenda 120 unaongeza 7. Kwa safari ya Kyela weka 120. Ukiiweka tangu Mbeya itakuwa nzito (mafuta mengi), itabwabwaja ukifungua resi yote na nguvu ya kupanda milima ya Uporoto itapungua, lakini haitaua kitu. Anayetaka raha apande na 116, abadili Tukuyu.

Kubadili ni kazi ya dakika kumi: fungua ubavu wa kulia, skrubu mbili za kifuniko cha boksi la kabureta, skrubu mbili za filta, kisha fungua bomba la jeti kuu kwa bisibisi pana. Jeti imechomekwa chini yake, ivute kwa koleo dogo bila kuibana tundu. Ziba koo la kabureta kwa kitambaa kwanza. Skrubu ya filta ikidondokea mle ndani wakati resi imefunguliwa, inaelekea kwenye krankshafti.

Mafinga_Feni

Jeti sawa, ila msimruke mgonjwa. Kabla ya kununua jeti angalia vitu visivyo na gharama. Nimemwona mleta mada anasema kava limetobolewa? Hajasema. Basi vua kava la silinda uangalie kama limepasuka, kama linakaa sawasawa juu ya hedi, kama skrubu yake ipo. Feni ya PX iko kwenye fulaiwili, inategemea kasi ya injini na si kasi ya barabara, na hewa yake yote inapaswa kupita ndani ya kava hilo. Mapezi ya silinda yakiwa na tope la vumbi na oili, kwangua kwa kijiti kigumu na petroli, maji matupu hayatoi. Hesabu mapanga ya feni, likivunjika moja fulaiwili inayumba pia.

Kwa sababu hiyohiyo ya feni, acha kuikokota injini kwenye gia ya nne ikiwa inalalamika. Gia ya tatu na mzunguko wa juu inapoa vizuri kuliko gia ya nne inayohema.

Halafu hewa ya wizi. Nati mbili za kabureta zikilegea, au gaski ya chini ya silinda, au sili ya upande wa fulaiwili ikichoka, injini inavuta hewa isiyopitia kabureta. Dalili: ukifunga resi injini inachelewa kushuka, inaning'inia juu kisha inarudi. Sili ya upande wa klachi dalili yake ni nyingine, inanyonya oili ya gia boksi na kutoa moshi mwingi. Ziba mdomo wa kabureta na eksozi kwa mpira, jaza upepo bar 0.3 kwa pampu ya baiskeli kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa chini kabisa, paka povu la sabuni kila kiungo. Usizidishe 0.4, unasukuma sili zitoke. Upepo ukikaa dakika chache bila kushuka, umemaliza mjadala wa hewa ya wizi.

Na petroli ya vidumu barabarani achana nayo. Ikichanganywa mafuta ya taa uwezo wake wa kuzuia kugonga unashuka, na joto unalolitafuta kwenye jeti linatoka kwenye tangi.

PX_Igawilo

Kava ni zima, halina tundu jipya, waya umepita kwenye nafasi ya plagi. Resi inashuka vizuri, haining'inii. Nitaweka 120. Sasa bado maswali mawili. Kwanza, kikomo ni ngapi? Pili, nikiweka plagi ya B9HS haitapunguza joto?

FundiMwanjelwa

La plagi kwanza maana ni fupi: hapana. Plagi ya baridi inapoza ncha yake yenyewe, haipoozi injini. B9HS kwenye mwendo wa mjini itachafuka, injini ianze kukosa moto, na joto la hedi litabaki lilelile. B8HS inakutosha. Kama geji inarukaruka namba ovyo injini ikiwaka, chukua BR8HS yenye kizuizi ndani, au kofia ya plagi ya kilo-omu 5. Usiweke vyote viwili kama moto wako ni dhaifu.

Kikomo kwa silinda ya chuma na pete chini ya plagi: mwendo wa kawaida 120 hadi 155 usiwaze. Mlima mrefu 160 hadi 180, sawa, mradi ukifika juu inashuka yenyewe. Ikifika 190 punguza resi. 200, acha kuvuta kabisa, shuka gia, tembea polepole feni ikizunguka. Usiizime palepale, feni ikisimama joto la silinda linapanda kwenye hedi na geji itaongeza nyuzi 10 au 20 ukiwa umeegesha. Hiyo ya baada ya kuzima si ugonjwa, usiitolee jasho. Silinda za aluminiamu zinatakiwa zisome chini ya hapo.

Lakini mimi naangalia zaidi namna inavyopanda kuliko inapofika. Barabara tambarare, resi haijasogea, na namba inaongezeka nyuzi 10 kila unapoitupia jicho, hapo funga resi hata kama ni 150. Kinyume chake, 180 iliyosimama palepale kwa kilomita tano ni injini iliyoshiba kazi, basi.

Ukishaweka 120 ukaona Kyela bado inasoma zaidi ya 160 kwa nusu resi, usiendelee kupandisha jeti hadi 130. Rudi kwenye taimingi. Alama za bamba la stata (lile la koili, nyuma ya fulaiwili) peke yake zisikutoshe, pima kwa taa ya taimingi. Alama A ni digrii 23, IT ni 18, na mtu aliyefunga kwenye A bila kujua anakaanga silinda ya 177. Bamba ukilizungusha kufuata mwendo wa fulaiwili, taimingi inarudi nyuma. Kwa hii yako hata 17 inafaa.

Nyasa_SI24

Niongeze la mteremko, kwa sababu ile 90 ya Tukuyu inamfurahisha na haipaswi kumfurahisha sana. Resi ikiwa imefungwa na gurudumu linaizungusha injini, mafuta yanayoingia ni kidogo, na oili ni kidogo vilevile kwa kuwa inakuja na petroli. Geji itaonyesha baridi huku ukuta wa silinda ukikauka. Kila baada ya sekunde chache fungua resi robo kwa kitambo kifupi, ufunge. Wala usiweke gia huru ukiteremka Uporoto kwa sababu ya kuionea huruma injini, breki za ngoma za PX zikishika moto hazishiki tena.

Kihesa_2T

Au avute choki kidogo resi ikiwa imefungwa. Kwenye SI choki inafanya kazi vizuri hapo, inamwaga mafuta ya ziada yenye oili.

Nyasa_SI24

Kwake sawa kwa sababu anachanganya oili kwenye tangi. Mwenye PX ya pampu ya oili asifanye hivyo. Choki itampa petroli tupu, pampu inafuata resi na mzunguko, haijui kwamba umevuta choki, na petroli tupu inaosha hiyo oili kidogo iliyobaki ukutani.

PX_Igawilo

Nimeelewa. Swali dogo la mwisho: nikitaka kuongeza hiyo geji ya moshi, yangu haina betri wala stata ya kuwashia kwa umeme.

Kihesa_2T

PX isiyo na betri inatoa umeme wa AC, na geji nyingi zinataka DC ya volti 12. Ukiunga moja kwa moja itawaka ikizima au itaungua. Weka daraja la dayodi na kapasita ya volti 25, maikrofaradi 4,700, baada ya regyuleta, na fyuzi ya ampea 1. Au tafuta geji yenye betri yake ndogo ndani, hiyo haigusi mfumo wa pikipiki kabisa. Nati ya kwenye shingo ya eksozi ichomelewe eksozi ikiwa imevuliwa, siyo ikiwa imefungwa kwenye injini, maana umeme wa kuchomelea ukipita kwenye koili za bamba la stata na beringi za krankshafti utakuja kuuliza swali lingine hapa.